Biskuti za dharura na hesabu ya maji

Kila ninapoendesha mafunzo ya lishe wakati wa maafa hapa Mwanza, huwapa washiriki kipande cha chakula cha dharura kilichoshindiliwa wakitafune kabla sijaeleza chochote. Haziishi dakika mbili mtu ameshaulizia maji, na hapo ndipo somo huanza.

Pakiti ya BP-5, biskuti ya dharura inayofahamika sana katika kazi hii, ina gramu 500 na hutoa takriban kilokalori 2,300, ilhali viwango vya Sphere vya misaada ya kibinadamu hukadiria kwamba mtu anahitaji 2,100 kwa siku. Unga wa mahindi wa kutoa nguvu hiyo hukaribia gramu 600, kwa hiyo tofauti ya uzito si kubwa kama watu wanavyodhani. Mzigo wa ugali ni sufuria, kuni, maji ya kupikia na mahali pakavu pa kuweka mafiga, vitu ambavyo aliyekimbia nyumba iliyoingiliwa na ziwa hana. Biskuti hii, yenye unga wa ngano, mafuta ya mimea, sukari, protini ya soya, vitamini na madini, imekwisha kuokwa. Udogo wake unatokana pia na mafuta, kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 na ya wanga hutoa 4 tu.

Mzee mmoja wa Kisukuma aliionja akasema kwamba Wazungu nao wamegundua michembe. Hakukosea sana, kwani viazi vilivyokatwa na kuanikwa hudumu kwa sababu ileile: ukungu na bakteria havistawi pasipo maji. Ila michembe hutaka jiko.

Maji yaliyoondolewa kiwandani hudaiwa kwa mlaji. Protini nayo huongeza deni, kwa sababu figo hutumia maji kutoa urea, yaani taka ya protini, na ndiyo maana biskuti za kwenye boti za kuokolea hutengenezwa kwa protini kidogo. Washiriki hucheka nikifika hapa: ziwa si hili? Ndilo, lakini mafuriko hupita vyooni kabla ya kufika ziwani, na kipindupindu tunakijua. Hatari huwa kubwa zaidi kwa watoto wadogo, ambao huvunjiwa biskuti ikakorogwa na maji kuwa uji. Uji huo haupiti motoni, hivyo uchafu wa maji huingia nao tumboni. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi kabisa. Anayepewa, tena wa kwanza, ni mama anayemnyonyesha, pamoja na maji yake ya kunywa.

Kwa hiyo ninapopanga shehena ya boti ya kwenda visiwani, madumu ya maji na dawa ya kuyatibu huandikwa kwanza, kwa makadirio ya lita 3 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na maboksi ya biskuti hupangwa katika nafasi inayobaki.