Ugali wa muhogo, kitoweo na sukari: maswali ninayoulizwa kila kliniki

Nipo kliniki ya kisukari hapa Mtwara mjini, na maswali ni yaleyale kila wiki, wengine wananipigia mpaka usiku, kwahiyo nimeona niyaandike hapa tuelewane. Na niseme mapema, mi sina ugomvi na ugali. Tatizo ninaloliona ni kitoweo kuwa cha kusindikizia ugali, wakati ilitakiwa ugali ndo usindikize kitoweo.

Dada, ugali wa muhogo si hauna sukari? Sijagusa soda wala chai ya sukari na kipimo kimesoma juu.

Hili naulizwa kuliko yote. Wanga ni sukari tupu iliyoshikana kama mnyororo, ulimi hauisikii kwasababu bado imefungwa. Jaribu hivi: chukua tonge la ugali mkavu bila mchuzi, tafuna taratibu usimeze, baada ya muda kidogo utaanza kusikia utamu kwa mbali. Hayo ni mate tu yameshaanza kufungua mnyororo, tumboni kazi inaendelea na mwisho wa safari yote inaingia kwenye damu kama sukari. Sasa unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, karibu wote ni wanga, kwenye gramu 100 wanga unapita gramu 80, protini haifiki hata gramu 3. Mtama na dona ni afadhali maana vina protini na nyuzinyuzi zaidi, lakini navyo ni wanga, usije ukajipakulia mlima kisa umeambiwa mtama ni dawa.

Kwahiyo protini inasaidia nini hapo?

Mambo matatu. Inachelewesha chakula kutoka tumboni kwahiyo sukari inaingia kwenye damu kidogokidogo badala ya kumwagika kwa mkupuo, inashibisha kwa muda mrefu ndo maana inasaidia na uzito, alafu inalinda misuli, na misuli ndo sehemu kubwa ya mwili inayochukua sukari toka kwenye damu. Ukipunguza kilo kwa kushinda njaa, unapunguza na misuli humohumo.

Nikupe la nyumbani kwetu. Mama yangu mzazi ana sukari. Jumamosi moja alikula ugali na changu wa mchuzi na kisamvu kama alivyozoea, yaani tonge kubwa anachovya mchuzi, samaki anamwacha pembeni mpaka mwisho maana ndo tulivyolelewa, kitoweo kinawekewa akiba. Masaa mawili baadae nikampima sukari, 12.6 mmol/L. Jumamosi iliyofuata chakula kilekile, nikamwomba aanze na kisamvu na samaki, ugali uje mwisho. Alinuna kidogo, ila alikula, na ugali hakuumaliza, alisema ameshiba. Kipimo 9.3. Mtu mmoja na siku mbili hauwezi kuita utafiti, lakini hata tafiti zilizopima mpangilio huo, mboga na protini kwanza wanga mwisho, zimeona sukari haipandi sana baada ya kula. Na haina gharama yoyote.

Nitapimaje wakati tunakula sinia moja?

Swali zuri sana hili, maana ile picha ya sahani iliyogawanywa tunayowaonyesha kliniki, nusu mboga za majani, robo protini, robo wanga, kwenye sinia la watu 6 haionekani. Aliye na sukari apakuliwe pembeni, na familia isichukulie kwamba anajitenga. Ugali au wali ulingane na ngumi yake, samaki alingane na kiganja bila vidole, majani yajae. Kama mnaona vibaya kumtenga, basi wote mle hivyo, hakuna atakayedhurika.

Samaki amepanda bei, hiyo protini tutaitoa wapi?

Hapa roho inaniuma, maana tunaishi juu ya protini. Dagaa wapo, kunde zipo, choroko, njugu mawe, na mbaazi ndo usiseme, Lindi na Mtwara tunalima mbaazi mpaka tunauza nje ya nchi, alafu nyumbani mtu anakula ugali na mchuzi wa nyanya. Kikombe cha mbaazi zilizochemshwa kina protini kama gramu 11, yai moja gramu 6. Mtu mzima mwenye afya wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 48 kwa siku. Ila angalia, mbaazi na kunde zina wanga pia, kama gramu 39 kwenye hicho kikombe cha mbaazi, kwahiyo ukila mbaazi punguza wali. Na tui likiwa zito sana uzito hautashuka, gramu moja ya mafuta ni kalori 9 wakati ya wanga au protini ni 4.

Na korosho? Si ni protini yetu?

Ni chakula kizuri ila ni mafuta zaidi kuliko protini. Kiganja kimoja, gramu 30 hivi, ni protini gramu 5 na mafuta 13, kalori kama 165. Hicho kiganja kinatosha badala ya maandazi ya saa nne. Shida watu wanakaa barazani na bakuli, mazungumzo yanaendelea mkono unaenda wenyewe. Bibo moja, lile tunda la mkorosho, kula tu, juisi yake ya kukamua achana nayo, nyuzinyuzi zimebaki kwenye makapi.

Ivi nikiacha wanga kabisa si nitapona haraka?

Usifanye hivyo peke yako, nakuomba. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, dawa inaendelea kushusha sukari hata kama haujala, inaweza kukuangusha. Mikono ikianza kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, kizunguzungu, kipimo kipo chini ya 3.9, koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji unywe, subiri dakika 15 upime tena, ikiwa bado chini rudia, ikishapanda kula chakula. Mtu akiwa amepoteza fahamu msimpe kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na wenye matatizo ya figo msijazie protini kabla ya kuongea na daktari, kwenu kiasi ni tofauti. Wengine wote punguzeni wanga taratibu, na mkiona vipimo vinashuka chini njooni kliniki na dawa zenu mkononi pamoja na daftari la vipimo, tuangalie kama dozi ipunguzwe.