Sentir si "kunuka", jamani

Wiki hii nimesahihisha tena insha ya Kifaransa yenye "mon voisin sent mal". Mwandishi alitaka kusema jirani yake ananuka. Mfaransa angeelewa, lakini sentensi ilivyo inasema jirani huyo hajui kunusa.

Tatizo ni ile imani kwamba sentir maana yake ni kunuka. Sisi tuna kunusa, kunuka na kunukia. Mfaransa kavirundika vyote ndani ya sentir, kisha akaongeza na kuhisi. Kwa hiyo lazima useme sentir bon (kunukia) au sentir mauvais (kunuka), tena bila kubadilisha umbo la kivumishi: elle sent mauvais, kamwe si mauvaise. Kwa nini isiwe mal, yaani kielezi "vibaya"? Sarufi zinajibu kwamba ni kivumishi kinachofanya kazi ya kielezi. Hapo jambo limepewa jina tu, halijaelezwa, na mimi sina jibu zuri kuliko hilo. Je me sens mal ni kujisikia vibaya, pua haihusiki.

Haya, tuje kwenye linalonikera zaidi. Kwa Kiswahili mtu ananuka mdomo, na pia ananuka kitunguu saumu. Muundo ni uleule. Kifaransa hakikubali. Harufu ya kitu huchukua artikeli (le, la, l', les): il pue l'ail, ananuka kitunguu saumu, kutoka puer, kunuka vibaya. Kiungo cha mwili kinachotoa harufu hudai de: il pue de la bouche, ananuka mdomo. Ndiyo maana ça sent les pieds ni chumba kunuka miguu, mwenye miguu hajulikani, lakini il sent des pieds inamtaja mhusika waziwazi. Il sent le poisson? Huenda ananusa samaki, huenda yeye ndiye ananuka samaki. Muktadha utaamua.

Mengine haraka. Chumba kisichofunguliwa madirisha: ça sent le renfermé. Bweni la wavulana: ça sent le fauve, yaani mnyama mkali. Mafuta ya kukaangia yaliyoganda kwenye nguo: le graillon. Ça sent le sapin haina uvundo wowote. Sapin ni mti wa kuchongea majeneza, maana yake mtu yu karibu kufa. Na je ne peux pas le sentir ni simpendi kabisa, hata kama ametoka kuoga.

Puer kwa jibini ni sawa. Tu pues kwa mtu ni tusi. Baina ya hayo mawili mpaka unahamahama, vitabu visikudanganye. Cocotter nayo wengine huitumia kwa marashi yaliyozidi, wengine kwa uvundo wowote. Darasani nafundisha ya kwanza, ila mtaani usishangae ukikutana na ya pili.