Bango la ukutani hung'olewa na upepo, si uzito wake

Swali la kwanza kuhusu bango huwa ni kilo: lina uzito gani? Lakini bango la alumini la mita 3 kwa 1, pamoja na fremu yake ya bomba mraba, huenda lisizidi kilo 40. Uzito huo huvuta kwenda chini, na boliti huhimili mzigo wa namna hiyo bila taabu. Upepo ndio huvuta kwenda nje, na huko ndiko boliti hung'okea.

Hesabu yake ni fupi. Chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.613. Jibu ni nyutoni kwa kila mita ya mraba. Upepo wa mita 20 kwa sekunde hutoa nyutoni 245, sawa na kilo 25 hivi. Kasi ikipanda hadi mita 40, yaani kilomita 144 kwa saa, mzigo haupandi mara mbili bali mara nne: nyutoni 981, karibu kilo 100 kwa mita ya mraba. Bango letu la mita 3 za mraba sasa linavutwa kwa kilo 300. Tumia kasi iliyowekwa na kanuni za ujenzi za eneo lako, usitazame utulivu wa siku ya kazi. Kwenye kona za jengo upepo hufyonza kwa nguvu zaidi kuliko katikati ya ukuta, kwa hiyo bango la huko liongezewe boliti. Kutoboa turubai matundu machache ili upepo upite hakupunguzi mzigo kama wengi wanavyodhani.

Kabla ya kuchagua boliti, ujue ukuta. Gonga kwa nyundo usikilize, kisha toboa tundu dogo la majaribio na utazame vumbi. Vumbi la kijivu na biti inayoingia kwa shida ni zege. Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma. Biti ikiingia kidogo kisha ikachopoka mbele ghafla, hilo ni tofali lenye uwazi ndani. Pima pia unene wa plasta, kwa kuwa plasta haishiki kitu. Ikiwa ni milimita 20 na boliti inatakiwa kuzama milimita 60, tundu liwe na angalau milimita 80, na boliti iwe na urefu wa kutosha kupita hapo pamoja na unene wa fremu. Kosa la kuhesabu plasta kama ukuta ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu boliti hukaza vizuri siku ya kwanza.

Kwenye zege, boliti ya kupanuka ya milimita 10 inafaa kwa mabango mengi. Iweke mbali na ukingo, angalau mara kumi ya kipenyo chake, yaani milimita 100. Boliti hiyo hushika kwa kusukuma zege pembeni, na karibu na ukingo zege hupasuka. Kwa sababu hiyohiyo siipendi kwenye tofali la kuchoma: hulipasua, hasa karibu na maungio. Hapo tumia boliti ya gundi ya kemikali, ambayo haisukumi.

Tofali lenye uwazi linahitaji ala ya wavu ndani ya tundu, gundi itokeze kwenye matundu ya wavu na kujibana nyuma ya kuta nyembamba za tofali. Toboa bila kuwasha nyundo ya drili, la sivyo utavunja ukuta wa ndani bila kuuona. Bango likiwa kubwa, achana kabisa na matofali hayo: fremu ifike kwenye linta na nguzo za zege, ukuta katikati usibebe chochote.

Gundi ya kemikali ni imara kiasi cha usafi wa tundu. Puliza vumbi mara mbili, sugua kwa brashi ya waya mara mbili, puliza tena mara mbili. Vumbi likibaki, gundi hushika vumbi badala ya ukuta, na boliti huchomoka na gundi yake yote. Gundi ya mwanzo inayotoka kwenye bomba itupe mpaka rangi iwe moja, kwani bado haijachanganyika. Kwenye tundu la ukuta usio na uwazi, jaza kuanzia ndani hadi theluthi mbili, kisha ingiza fimbo yenye meno, ambayo ndiyo boliti yenyewe, ukiizungusha. Muda wa kukauka umeandikwa kwenye mkebe na hutegemea joto. Kabla muda huo haujaisha usikaze nati hata kidogo.

Bango linalochomoza kutoka ukutani lina hesabu yake. Lenye sentimita 60 kwa 80, katikati yake ikiwa sentimita 40 kutoka ukutani, husukumwa kutoka ubavuni kwa nyutoni 470 kwenye upepo uleule wa mita 40. Ikiwa boliti za bamba la ukutani zimeachana sentimita 10 tu kwa upana, upande mmoja wa bamba huvutwa kwa nyutoni 1,880, karibu kilo 190. Zikiachana sentimita 25, mvuto hushuka hadi kilo 75 hivi. Bamba pana ni nafuu kuliko boliti nene. Ukingo wa chini uwe angalau mita 2.5 juu ya njia ya watu, au zaidi kama kanuni za eneo zinataka.

Joto nalo lina kazi yake. Karatasi ya alumini ya mita 3 hurefuka karibu milimita 3 joto likipanda nyuzi 40. Akriliki hurefuka zaidi ya milimita 8. Kwa hiyo matundu ya karatasi yawe ya duaradufu, isipokuwa moja la katikati. Ukiyabana yote, karatasi hujikunja au hupasuka kwenye skrubu. Kati ya alumini na chuma weka washa za nailoni, maana metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu huliana. Karibu na bahari tumia boliti zisizoshika kutu pekee.

Kama kuna taa, tundu la waya literemke kuelekea nje, na waya ukunjwe chini kabla ya kuingia ili maji yadondoke. Fremu ya chuma iunganishwe na waya wa ardhi, na fundi umeme aweke swichi ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja.

Ngazi ni ya kupimia. Kunyanyua bango kunataka mikono miwili, kwa hiyo jenga jukwaa, funga kamba kwenye zana, zungushia uzio eneo la chini, na usisogee karibu na nyaya za umeme.

Ukishakaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Baada ya dhoruba ya kwanza tazama kwa darubini ukiwa chini: mstari uliokatika unaonyesha nati iliyolegea, na ufa mwembamba wa plasta kuzunguka bamba unaonyesha boliti inayotoka. Hiyo ya pili usiikaze. Shusha bango, toboa tundu jipya mbali na lile la zamani.