Je, wajua mifupa ya makaburi ya zamani Nairobi huishia wapi?

Anayepita katika makaburi ya Lang'ata akaona msalaba mpya umesimikwa mahali alipozikwa mtu mwingine miaka kadhaa iliyopita, huenda akadhani pana makosa. Hapana. Makaburi hayo, yaliyotangazwa kujaa tangu 1996, yana sehemu za kudumu na za muda, na kaburi la muda hukaa miaka 5 tu kabla ya kuruhusiwa kuzikwa mwingine.

Je, miaka 5 inatosha? Udongo ndio wenye jibu. Nyama huozeshwa na bakteria, wakiwemo wale wale walioishi tumboni mwa marehemu. Katika udongo mwekundu, ambao hautuamishi maji na hupenywa na hewa, kazi hiyo huenda upesi, kisha tindikali ya udongo huanza kuila mifupa polepole. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi, maji yakituama na hewa ikakosekana, mafuta ya mwili yanaweza kugeuka kitu cheupe mfano wa sabuni, kikauhifadhi mwili kwa miaka mingi. Dawa ya formalini inayotiwa mochari nayo huchelewesha mambo. Ndiyo maana mchimba kaburi anayefungua shimo la zamani anaweza kukuta mbao za jeneza zimekuwa matope, ilhali vishikio vya chuma, meno na suti ya poliesta (ambayo haiozi, hata humzidi umri aliyeivaa) vingali vinatambulika. Maiti ya Mwislamu, inayozikwa kwa sanda bila jeneza, hurejea udongoni mapema zaidi, na mafakihi wengi huruhusu kaburi litumiwe tena mifupa ikishakuwa vumbi.

Na katika ardhi isiyobarikiwa na kanisa je, maiti huoza tofauti? Bakteria hawaulizi baraka. Wanaouliza ni wanasheria: Uingereza, mabaki yaliyomo katika ardhi iliyowekwa wakfu na Kanisa la Anglikana huhitaji idhini ya kanisa ili yafukuliwe, na yaliyo nje yake huhitaji leseni ya serikali. Sheria ya afya ya umma ya Kenya haina mgawanyo huo. Hutaka kibali cha kufukua, iwe ni makaburi rasmi au mahali pengine popote.

Tatizo ni kwamba kibali huhitaji kaburi linalojulikana. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo humo gerezani bila alama yoyote. Baada ya muda kama huo, kinachotarajiwa kubaki katika udongo ule ni meno na mifupa mikubwa, na meno huweza kuhifadhi vinasaba vya kulinganisha na vya jamaa. Lakini lazima kwanza ijulikane pa kuchimba, na mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 kabla ya kumzika upya mumewe.