Mtoto Kazaliwa Mzima, Dawa za Nini Tena?

Kauli hiyo huwaponza wengi, kuanzia Kirumba jijini Mwanza hadi visiwa vya Ukerewe. Mama mwenye VVU amemeza dawa miezi yote ya ujauzito, mtoto kazaliwa salama, naye anaona kazi imekwisha. Haijaisha. Tangu 2013 Tanzania inamwanzishia dawa za kufubaza VVU (ARV) kila mjamzito anayekutwa na virusi, naye anaendelea nazo maisha yake yote. Akiziacha, virusi huongezeka tena ndani ya wiki chache, na mtoto bado ananyonya.

Tusijifanye ni rahisi. Usingizi haupatikani, mama mkwe kaja kulea mzazi, kopo la vidonge halina pa kufichwa. Wengine wamekwenda kujifungulia kwao, au wamemfuata mume kambini dagaa walikohamia. Kabla ya kupanda mtumbwi pita CTC, yaani kliniki unakochukulia dawa za VVU, waeleze safari yako na uombe dawa za kutosha. Kadi usiiache, huko uendako kituo kingine kinaweza kukuhudumia ukiwa nayo.

"Mwenye VVU asinyonyeshe." Ushauri wa zamani huo, bado unatembea mitaani. Mama anayemeza dawa bila kukosa anyonyeshe: miezi 6 maziwa yake matupu, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine walau hadi mwaka, hata miaka 2. Hatari iko kwenye ule uji mwepesi wa bibi mtoto akiwa na miezi 3, maana kumchanganyia vyakula mapema huongeza uwezekano wa kuambukizwa. Na maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa humletea kuhara.

"Atazaa mwenye virusi tu." Bila matibabu wala kinga yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa, ikihesabiwa na muda wa kunyonya. Kwa dawa, hushuka chini ya 5. Upasuaji nao si lazima kwa sababu ya VVU tu, virusi vikiwa vimefubaa.

"Dolutegraviri inalemaza mimba." Dawa hiyo ni mojawapo ya ARV, na hofu hii ilianzia Botswana 2018. Wajawazito wengi zaidi walipofuatiliwa ikapungua, na 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza hata kwao. Cha kuangalia ni vile vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki: vimeze pamoja na ARV ukiwa umekula. Kama hujala, ARV itangulie saa 2 kabla, au imezwe saa 6 baada yake.

"Kipimo cha kwanza kimetoka safi, basi." Mtoto hupimwa wiki ya 4 hadi 6, damu ya kisigino ikidondoshewa kwenye karatasi na kupelekwa maabara. Lakini angali ananyonya, kwa hiyo hurudiwa, na jibu la mwisho hutolewa akishaacha ziwa na kutimiza walau miezi 18.