Dume Aliyefifia Hahitaji Dawa

Mwezi uliopita kijana mmoja anayefuga samaki wa mapambo aliniuliza homoni zinauzwa wapi. Ana madume tisa kwenye tangi moja. Mmoja anang'aa, wanane wamepauka kama majike na hawajishughulishi na kupandana. "Mwalimu, hawa si wagonjwa?"

Si wagonjwa. Samaki wake ni Astatotilapia burtoni, jamaa wa furu wa Ziwa Viktoria, ila kwao ni Ziwa Tanganyika, kwenye maji ya kina kifupi ya kandokando na midomo ya mito. Huwa nasimama magoti yakiwa majini kumwangalia dume mtawala. Mwili wake ni wa buluu au njano, na mstari mweusi unakatiza jicho. Anainama, anajaza mchanga mdomoni, anautema pembeni, anarudi tena, mpaka shimo limepatikana. Jike akikaribia anamtikisia mwili na kumwongoza shimoni. Jike hutaga na kuyaokota mayai yake papo hapo mdomoni. Dume naye humwonyesha pezi la chini, karibu na mkia, lenye madoa ya rangi ya chungwa mfano wa mayai. Jike akiyadonoa, anavuta mbegu za dume, na mayai yanarutubishwa humo humo mdomoni.

Madume wenye uwanja wa namna hii ni wachache. Waliobaki huogelea na kundi, wamepauka, wakikimbizwa kila wakisogea. Kemia yao ni hii: ndani ya ubongo kuna seli za neva zinazotoa homoni iitwayo GnRH. Hiyo huiamsha pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, tezi nayo huziamsha korodani zitoe testosteroni na 11-ketotestosteroni, ambayo ndiyo homoni kuu ya kiume kwa samaki wengi. Kwa dume mtawala seli hizo za GnRH ni kubwa mara kadhaa kuliko za mnyonge, na korodani zake zimejaa. Mnyonge, hata hivyo, hakauki kabisa: bado hutengeneza mbegu kidogo, akiba ya siku nafasi itakapotokea.

Na nafasi ikitokea, mambo huenda mbio ajabu. Russell Fernald na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walimtoa mtawala kwenye tangi usiku, gizani. Taa zilipowaka, mnyonge akaona kiti ki wazi. Rangi na mstari wa jichoni vilijitokeza ndani ya dakika chache, akaanza kufukuza wenzake. Ndani ya nusu saa homoni za uzazi huwa zimepanda kwenye damu, na seli za GnRH hunenepa katika siku zinazofuata. Angalieni mpangilio huo: macho yameona kwanza, tabia ikafuata, homoni zikaja nyuma kuikamilisha kazi.

Kuna jaribio jingine ninalolisimulia kwa kila mwanafunzi wangu. Fernald na wenzake waliwaondolea watawala korodani. Ukali ulipungua, lakini hawakupoteza cheo chao. Basi testosteroni inachochea ugomvi, ila si yenyewe inayompa dume kiti.

Ndiyo maana sikumpa kijana jina la dawa. Wanyonge wake wana homoni za kutosha kuanzia. Wanachokosa ni mahali ambapo yule mmoja hawaoni kila dakika. Nilimwambia aweke vyungu viwili vya udongo vilivyolazwa ubavu, kila kimoja kona yake, na mawe katikati ya kuzuia macho, na chini mchanga wa kutosha kuchimbika. Juzi alinitumia picha. Nyuma ya chungu cha kushoto yumo dume wa pili, mstari mweusi umeshakatiza jicho, na mdomo umejaa mchanga.