Usiku wa Pwani ndani ya Second Life: mchezo upi unaruhusiwa klabuni, na upi ni kamari iliyovaa kanga

Klabu yetu imekodi kisiwa kidogo ndani ya Second Life, ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni ambamo watu hukutana, hucheza na kufanya biashara, na kila Jumamosi ina mada yake: leo miaka ya themanini, wiki ijayo maharamia, na kadhalika. Mimi ni mshereheshaji. Shughuli huanza saa moja jioni kwa saa za California, ambazo ulimwengu wote ule unazifuata, na kwetu Dar es Salaam hiyo ni saa kumi na moja alfajiri. Majira yao ya baridi yakiingia inasogea hadi saa kumi na mbili. Kwa hiyo mengi ya haya nimejifunza nikiwa na kikombe cha chai mkononi na usingizi machoni.

Tulipotangaza Usiku wa Pwani, mapendekezo ya michezo yalimiminika: bao, kubashiri Simba na Yanga, tiketi za bahati nasibu. Kila pendekezo lilikuja na hoja ya kwa nini "hili halina shida". Hoja nyingi hazikuwa na miguu.

"Dola za Linden ni pesa za kuchezea tu"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Second Life ilifunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003, na sarafu yake, dola ya Linden (L$), hununuliwa na kuuzwa kwa dola halisi katika soko la kampuni yenyewe. Dola moja ya Marekani huzunguka kwenye L$250. Watu wanalipia pango kwa pesa hizo, na wengine wanazitoa nje zikawa ada ya shule. Kitu kinachobadilishwa kuwa ada ya shule hakiwezi kuitwa cha kuchezea.

Wakongwe wanakumbuka enzi za kasino. Mashine za sloti zilijaa visiwa vizima, na zilikuwa biashara kubwa. Marekani ilikuwa imepitisha mwaka 2006 sheria ya kubana malipo ya kamari za mtandaoni, na Aprili 2007 maofisa wa FBI walialikwa na Linden Lab wenyewe wakazitembelea kasino hizo. Julai mwaka huohuo kampuni ikapiga marufuku kamari mle ndani, bila muda wa kufungasha.

Kanuni iliyobaki ni nyepesi kuieleza. Ukiweka dau, kisha mshindi akapatikana kwa bahati au kwa matokeo ya mechi ya kweli, na anachopata ni pesa au kitu chochote chenye thamani, hiyo ni kamari. Soma tena hapo pa "kitu chochote chenye thamani". Yule mwenzetu aliyesema "hatutoi pesa, tunatoa kanga na fenicha" hakuwa amepafikia. Na Simba na Yanga kwa L$20 kila mmoja? Mechi ya kweli, dau la kweli. Tulilifuta pendekezo hilo kabla hata ya kubishana nani angeshinda, jambo ambalo kwa Watanzania ni muujiza.

"Kete ni haramu, tuziondoe zote"

Huku ni kukimbia kivuli. Ukiingia klabu nyingi za Second Life utakuta meza ya Greedy Greedy, mchezo wa kurusha kete ambao watu huketi wakaucheza saa mbili mfululizo huku wakipiga soga. Kete zinaamuliwa na bahati, naam, lakini hakuna anayelipa kukaa pale wala anayeondoka na chochote zaidi ya majigambo. Bingo ya bure hali kadhalika.

Mfano ninaoupenda ni kiti cha bahati. Ni kiti cha kawaida chenye herufi inayogeuka kila baada ya dakika kadhaa. Herufi ikiangukia M, mwenye jina linaloanza na M anakikimbilia, anakaa, anapewa zawadi. Hapo hakuna ustadi hata chembe, ni bahati tupu, na bado hakuna kosa kwa sababu hukutoa senti kukaa. Nimeshuhudia watu ishirini wamesimama mbele ya kiti kimoja, kimya, wakiisubiri herufi kama abiria wanaosubiri daladala ya mwisho.

"Bao halina bahati, kwa hiyo dau lake si kamari"

Hapa nilinaswa mwenyewe. Hoja ilikuwa nzuri mno. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na zile zinaitwa kete kwa jina tu: hazirushwi, zinapandwa. Unaanza na kumi ubaoni, sita kati ya hizo zimelala kwenye shimo liitwalo nyumba, na ishirini na mbili mkononi unazinamua, yaani unazitia ubaoni, moja moja. Kila kitu kiko wazi mbele ya wote wawili. Ukifungwa umefungwa na akili ya mwenzako. Basi tukapanga mashindano: kiingilio L$50, mshindi achukue chungu chote.

Nusu ya kwanza ya hoja ni sahihi. Mchezo wa ustadi si kamari kwa kanuni ile ya 2007. Lakini mwaka 2014 kampuni iliweka sera nyingine, ya michezo ya ustadi yenyewe. Mchezo wa ustadi unaochezwa kwa kifaa cha mle ndani, ukipokea L$ kwa mchezaji na kumlipa L$ mshindi, lazima uwe umeidhinishwa. Aliyeutengeneza awe na kibali, anayeuendesha awe na kibali, na uchezwe katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili hiyo. Maombi yanadai hata maoni ya maandishi ya mwanasheria. Sasa fikiria klabu yetu, ambayo pango lake la mwezi tunalichangia kwa kukwaruza, iende kwa wakili ikiwa na ubao wa bao mkononi.

Tuliondoa kiingilio. Zawadi akaitoa mwenye klabu mfukoni mwake, na wasiojua kucheza wakafundishwa bao la kujifunza bure. Wachezaji hawakupungua hata mmoja. Waliolalamika ni wawili ambao, tukiulizana kiukweli, walikuwa wanajua wangetunyoa.

"Tukiita bakshishi inakuwa sawa"

Watu wa taarabu hawahitaji kuelezwa kutunza. Mwimbaji anakonga moyo, unanyanyuka na noti yako, unamtunza, unarudi kukaa. Klabu za Second Life zina desturi ileile: DJ ana mtungi wake wa bakshishi, mshereheshaji wake, klabu yenyewe wake, na atakaye hutia. Hilo halijawahi kuwa tatizo.

Tatizo linaanza pale mtungi unapoanza kurudisha kitu. Zamani klabu nyingi zilikuwa na mpira unaoitwa sploda: wageni wanautilia pesa, muda ukifika unapasuka na kuwamwagia baadhi yao kilichokusanywa, huyu L$300, yule L$2. Watu waliuita burudani, wengine mchango. Ulikuwa kamari, na ukidai malipo kwa wageni, hadi leo ni kamari. Ukiujaza mwenye klabu mwenyewe na wageni wakajiunga bure, hiyo ni zawadi. Mpira ni uleule, na tofauti yote imekaa kwenye swali la nani ametia mkono mfukoni.

Vivyo hivyo kwa "tunza L$10 tuandike jina lako kwenye droo". Hicho ni kiingilio, hata ukikiimbia mashairi. Ukitaka kuchangisha, fanya mnada: anayelipa anajua anachonunua.

"Gacha ni duka, si mchezo"

Mashine za gacha, za asili ya Kijapani, zilikuwa pambo la kila tamasha. Unalipa, inatoka bidhaa moja kati ya kumi na mbili bila wewe kuchagua, na ile adimu ndiyo kila mtu anaitaka. Mwaka 2021 Linden Lab ilizipiga marufuku, na mwisho wake ulikuwa tarehe 31 Agosti. Kuna waliobadilisha mashine zao zikaonyesha kwanza bidhaa inayofuata, ndipo mnunuzi aamue kulipa, na hilo linakubalika kwa kuwa halimfichi kitu. Fundi wetu wa mapambo bado ana mashine moja ya zamani kwenye mzigo wake. Kila mada ikija anauliza kama wakati wake haujafika. Haujafika.

"Kosa ni la mwenye kifaa, sisi tumemkaribisha tu"

Hapana. Mwenye eneo anawajibika kwa kinachoendeshwa kwenye eneo lake. Kifaa kinaweza kufutwa na akaunti kusimamishwa, na "sikujua" haijawahi kumrudishia mtu kisiwa. Tena mwenye kisiwa unachopanga anaweza kuwa na masharti makali kuliko ya kampuni. Yasome kabla ya kubandika tangazo.

"Mada ni mapambo, haina sheria"

Mada ina sheria zake mbili. Kwanza, maeneo yana madaraja matatu ya umri, na lililo la wote huingiwa hata na vijana wa miaka 16, kwa hiyo shindano la "vazi la ufukweni" unalipima kwa jicho la mzazi. Pili, hadithi za watu zina wenyewe. Mwaka 2009 wasimamizi wa haki za Dune, riwaya ya sayari ya jangwa, walidai kuondolewa kwa alama za riwaya hiyo katika maeneo ya maigizo ndani ya Second Life, na wachezaji waliokuwa wamejenga jangwa lao kwa mapenzi tu wakalazimika kubadili majina. Usiku wa "jangwa la sayari ya mbali" hauna mwenyewe. Wa pwani yetu tunao wote.

"Bila dau hakuna atakayekuja"

Shindano la vazi ndilo lililojaza ukumbi. Ubao wa kura unasimama kando ya jukwaa, unaugusa jina lako linaingia, wenzako wanapiga kura, na mwenye klabu ameshaweka L$1,000: mia tano, mia tatu, mia mbili. Kuingia bure. Mgeni mmoja alikuja na kanga aliyoichora mwenyewe, pindo, mji na jina vyote mahali pake. Jina alilikosea herufi moja, likawa na maana ambayo siwezi kuiandika hapa, na akapata kura nyingi za Waswahili kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo, kura za ubao ni za urafiki mara nyingi. Sijaona dawa yake.

Lakini kilichonishangaza ni vitendawili. Havihitaji kifaa, havina ubao, ni maandishi tu kwenye maongezi. Naandika "Kitendawili!", ukumbi unajibu "Tega!" (tuliwafundisha wageni neno hilo moja), kisha natega pamoja na tafsiri. "Nyumba yangu haina mlango." Mmoja akasema jela, mwingine kaburi. Wakashindwa, nikawaambia kwetu mkishindwa mnanipa mji. Hawakuelewa. Nikaeleza: nipeni mji mmoja uwe wangu, ndipo niseme jibu.

Kukawa kimya kidogo, kisha dada mmoja wa Brazil akaandika: "Chukua São Paulo."

Nikajibu kama bibi alivyokuwa akijibu. Nimekwenda São Paulo, watu wa São Paulo wamenipokea, nimekula nimeshiba, nimerudi. Jibu ni yai. Kabla sijatega cha pili, tayari mtu alikuwa amenipa Osaka, na mwingine anauliza kama akinipa Manchester nitaichukua yote au nusu.